Paa la Pwani: Makuti, Mabati au Vigae?

Mtu wa bara akitaka kuezeka nyumba huwaza mvua. Sisi wa pwani tuna adui wa pili, naye ni chumvi ya bahari, inayokuja na upepo usiku na mchana, kaskazi na kusi.

Ubaridi wa makuti hapana awezaye kuukana. Mvua ya masika ikinyesha, aliye ndani hulala. Lakini makuti hayadumu. Baada ya miaka michache viungo vyatakikana vipya, na ujira wa fundi pia. Kubwa zaidi ni moto. Mwaka 2009 mamia ya nyumba ziliteketea Faza, katika kisiwa cha Pate, moto ukirukia paa hili la makuti hata lile. Katika mtaa uliosongamana paa si la mwenyewe peke yake. Jirani ana haki yake, na dini imetuusia sana juu ya jirani. Aliye shambani, mbali na wenziwe, naaezeke makuti ale upepo.

Wengi basi hukimbilia mabati, na hapo ndipo fedha zipoteapo. Mnunuzi huuliza bei, haulizi unene. Nambari ya geji huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bati la kawaida limepakwa zinki, na chumvi huila zinki hiyo kidogo kidogo mpaka ikafika kwenye chuma. Kutu huanzia penye tundu za misumari, penye ncha zilizokatwa, na chini ya upenu, ambako mvua haifiki kuosha chumvi. Kwa hiyo aliye karibu na ufuo atafute bati nene lililopakwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu, likazwe kwa skrubu zenye mpira. Joto lake latulizwa na dari. Tena bati lina neema ambayo makuti hayana: maji safi ya mvua, ya kujaza tangi au birika.

Na vigae? Vile vyekundu vya udongo, vilivyokuwa vikiletwa kutoka Mangalore huko Bara Hindi, vingali juu ya nyumba za kale za Mombasa. Udongo uliochomwa haushiki kutu, na kigae kikivunjika hubadilishwa hicho kimoja. Taabu ni uzito. Vyataka kenchi za mbao imara na kuta za mawe; nyumba ya udongo na fito haivimudu.

Kwangu mimi, mwenye kuta za mawe na uwezo achague vigae. Mwenye kipato cha kadiri anunue bati nene, hata ikiwa atangoja mwaka mwingine. Mbao zitiwe dawa ya mchwa kabla hazijapandishwa, na siku ya kuezeka mwenye nyumba awepo, aangalie skrubu ziingiazo ni zile alizozinunua.