Karatasi Kwanza, Kitambaa Baadaye

Mji wa Goma uko kando ya ziwa Kivu, karibu na mlima wa moto Nyiragongo. Katika mitaa yake mafundi wa nguo hukaa mbele ya nyumba na mashini zao za kushona. Katika soko la Virunga na mtaani Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, vitenge vya rangi nyingi huuzwa. Kitenge kizima huwa na yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Mama huweka akiba siku nyingi apate kukinunua. Kwa hiyo kikikatwa vibaya, hasara ni kubwa. Makasi yakisha kukata, hayarudishi.

Siku moja msichana alimpelekea fundi kitenge pamoja na sketi ya dada yake.

«Mama, nikatie kama hii,» akasema.

Fundi akaitazama sketi, akamtazama msichana. «Mwanangu, kiuno chenu ni sawa, lakini nyonga zako ni pana kuliko za dada yako. Nikikata kama hii, hutaweza kuketi. Njoo nikupime.»

Fundi huyu ana akili. Kila mtu ana mwili wake. Mwaka 1863, huko Marekani, Ebenezer Butterick alianza kutengeneza vielelezo vya karatasi vya kuuzwa, vyenye saizi mbalimbali. Vielelezo hivyo vilisaidia watu wengi kushona nyumbani. Lakini saizi ya dukani haimjui mtu anayeinunua. Kielelezo kinachotoka katika vipimo vya mwili wa mtu mwenyewe ndicho kinachomfaa. Mafundi wa Goma hukiita patroni, kwa neno la Kifaransa.

Kupima

Kwanza fundi alimfunga msichana uzi kiunoni, ili mahali pa kiuno paonekane vizuri. Msichana akasimama wima, akapumua kama kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Utepe wa kupimia ukazunguka mwili sawasawa, mbele na nyuma, bila kukaza wala kulegea. Fundi akaandika katika daftari:

Kiuno: sentimita 68.
Nyonga, mahali palipo pana zaidi: sentimita 88.
Toka kiuno mpaka nyonga: sentimita 20.
Urefu wa sketi: sentimita 60.

Kuchora

Fundi hakugusa kitenge. Alitwaa karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, akaifuta vumbi na kuinyosha. Mtu anayevaa nguo hupumua, huketi na hutembea; hivyo lazima nguo imzidi mwili kidogo. Kwa nyonga fundi aliongeza sentimita 4, ikawa 92. Kwa kiuno aliongeza 2, ikawa 70. Kisha akagawanya kwa 4, kwa sababu alichora robo moja tu ya sketi. Nyonga ikawa sentimita 23, na kiuno 17 na nusu.

Akachora mstatili wenye upana wa sentimita 23 na urefu wa 60. Upande mmoja ni katikati ya sketi. Upande wa pili ni ubavu. Toka juu akapima sentimita 20, akapiga mstari wa nyonga.

Sasa tazama: juu, kiunoni, karatasi ina 23, lakini panatakiwa 17 na nusu tu. Zimezidi sentimita 5 na nusu. Fundi alitoa 3 ubavuni, kwa mstari uliopinda polepole mpaka kwenye nyonga. Zile 2 na nusu zilizobaki alizitia katika mkunjo mdogo uliochongoka kama ncha ya mkuki. Mkunjo wa mbele ulikuwa na urefu wa sentimita 9, na wa nyuma 12. Mikunjo hiyo ndiyo inayofanya kitambaa kifuate umbo la mwili.

Kukata

Kabla ya kukata, fundi aliongeza nafasi ya mshono: sentimita 2 ubavuni na 2 juu. Chini aliongeza 4 za pindo. Kipande cha mbele alikikata juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisiwe na mshono katikati. Nyuma alikata vipande viwili, akaongeza tena 2 katikati kwa ajili ya zipu. Vyote vilienea katika upana wa kitenge, na urefu uliotumika haukufika sentimita 70. Kitenge kingi kilibaki kwa blauzi.

Mwishoni fundi aliandika tarehe juu ya karatasi, akaitunza. Lakini mtoto hukua. Akirudi mwaka ujao, fundi atampima upya.

Kazi hii ina faida kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia Goma, ikafunika nyumba na maduka mengi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilifika tena ukingoni mwa mji. Vita pia vimewafukuza watu wengi makwao. Mtu anayekimbia hawezi kubeba mashini kichwani pamoja na mtoto mgongoni. Lakini utepe huingia mfukoni, na elimu ya kupima hukaa kichwani. Akifika mahali pa amani, ataomba karatasi, na kazi itaanza tena.

Wahenga walisema: Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Fundi mwenye busara hukosea juu ya karatasi, si juu ya kitenge cha mwenziwe.

Maswali

1. Kwa nini fundi hakukata kwa kufuata sketi ya dada?
2. Kwa nini vipimo huongezwa kidogo kabla ya kugawanywa?
3. Nyonga za mtu ni sentimita 96. Robo ya kielelezo chake itakuwa na upana gani?
4. Mpime mwenzako urefu wa mkono, uandike. Je, ni sawa na wako?