Mwanga Usiofika Lushoto
Lushoto, katika milima ya Usambara, iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Novemba usio na mawingu, galaksi ya Andromeda huonekana kaskazini kama doa hafifu. Je, darubini juu ya Usambara ingenasa miale yake ya urujuanimno? Mlima hautoshi: ozoni iliyo nyingi kilomita 15 hadi 35 juu hufyonza sehemu kubwa ya miale hiyo. Ndiyo maana darubini ya GALEX ilirushwa angani mwaka 2003. Wapo wanaosema rangi za picha zake ni za kubuni. Kweli, rangi huchaguliwa, lakini mwanga umepimwa. Nao hutoka hasa kwa nyota changa, zenye joto kali na maisha mafupi; hivyo mkono wa galaksi unaong'aa hutuonyesha nyota zinakozaliwa.