Mabwawa madogo ya Mweiga: Ni nani anayewalinda walio chini ya tuta?

Msafiri anayetoka mjini Nyeri kuelekea Nyahururu huona mandhari yakibadilika kabla ya kufika Mweiga. Mashamba ya kahawa hubaki nyuma, na mahali pake hutokea nyanda kavu za Kieni, zilizo kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Mvua huko ni haba na haitabiriki. Mwenye bwawa shambani mwake huhesabiwa kuwa amejaliwa.

Mengi ya mabwawa hayo ni ya udongo mtupu. Walowezi wa enzi za ukoloni waliokuwa na mashamba makubwa waliziba vijibonde kwa tuta ili kupata maji ya kunyweshea mifugo. Baada ya uhuru mwaka 1963, sehemu kubwa ya mashamba ya aina hiyo ilinunuliwa na vyama vya ushirika pamoja na kampuni za ununuzi wa ardhi, kisha ikagawanywa kwa wanachama. Wakulima wa vitunguu, viazi na kabeji nao wamejichimbia mengine tangu hapo. Matokeo yake ni kwamba tuta lililojengwa mahali ambapo hapakuwa na kiumbe ila ng'ombe huenda leo likawa na nyumba, njia na hata darasa chini yake, ilhali tuta lenyewe halijabadilika, isipokuwa kwa kuzeeka.

Hatari ya hali hiyo ilidhihirika usiku wa Mei 9, 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru. Bwawa la mtu binafsi lililojulikana kama bwawa la Patel lilipasuka baada ya majuma kadhaa ya mvua kubwa, na maji yakavikumba vijiji vilivyokuwa upande wa chini. Watu wasiopungua 47 walifariki, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Baada ya mkasa huo, maafisa wa mamlaka ya maji walieleza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali.

Neno "dogo" ndilo linalowapoteza wengi. Bwawa lenye eneo la ekari moja na kina cha wastani cha mita 2 hubeba takriban mita 8,000 za ujazo. Kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja, kwa hivyo tuta hilo linazuia tani 8,000, sawa na shehena ya malori 800 ya tani kumi. Mzigo huo ukiachiliwa kwa ghafla katika bonde jembamba, huweza kuziharibu nyumba zilizo katika njia yake.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Daraja la chini kabisa lilikuwa la mabwawa yenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita 100,000. Vipimo hivyo vina maana, lakini vyote ni vya maji na bonde linaloyaleta. Havihesabu watu. Bwawa la mita 4 lililo juu ya malisho na bwawa lilo hilo lililo juu ya kijiji huweza kuandikwa katika daraja moja, ingawa kila mwenye akili timamu anajua kwamba si mamoja.

Wahandisi hutaja njia mbili kuu zinazoangusha tuta la udongo. Ya kwanza ni maji kupita juu ya mgongo wake. Udongo ulioshindiliwa huweza kuzuia maji kwa miaka mingi, lakini haukuundwa ili maji yatiririke juu yake. Yakianza kufanya hivyo huuguguna upande wa nje hadi pengo litokee, na pengo likishatokea hupanuka lenyewe. Kwa sababu hiyo kila bwawa huhitaji mfereji wa kumwagia maji ya ziada kando ya tuta, nao uwe chini kuliko mgongo wa tuta kwa kiasi cha kutosha.

Mfereji huo ndio unaotendewa vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa kuwa hukaa mkavu karibu mwaka mzima, mwenye shamba huuona kuwa ardhi iliyopotea. Huupanda mahindi, hupitisha ua wa nyaya, au, kosa kubwa zaidi, huuziba kwa magunia ya mchanga ili bwawa libebe maji mengi zaidi ya kumwagilia kiangazi. Tope nalo hujaa chini ya bwawa mwaka baada ya mwaka, nafasi ya kupokea maji ya mvua ikapungua, na mfereji ukahitajika mara nyingi zaidi kuliko ulipojengwa.

Njia ya pili hujificha. Kila tuta la udongo huchuja maji kidogo, na hilo si jambo la kutisha iwapo maji yanayotoka ni safi na kiasi chake hakiongezeki. Shaka huanza maji yanapotoka na udongo. Hapo kuna kijishimo ndani ya tuta kinachokua kutoka nje kuelekea kwenye bwawa, na siku kitakapoyafikia maji, tuta litabomoka kutoka ndani.

Vinavyofungua vishimo hivyo vinajulikana vyema Kieni. Fuko huchimba, mchwa nao hujenga. Mkaratusi uliopandwa juu ya tuta huteremsha mizizi, na ukikatwa mizizi huoza na kuacha mifereji. Ukame nao una mchango wake: udongo wa mfinyanzi hukauka na kupasuka, kisha mvua ya kwanza kubwa hujaza bwawa kwa siku chache kabla nyufa hazijajifunga. Hali kama hiyo iliikumba sehemu kubwa ya Kenya pale ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022 ulipofuatwa na mvua za El Niño mwishoni mwa 2023.

Kinga bora ya mgongo na ubavu wa tuta, kwa bahati njema, ni mmea wa nyumbani. Nyasi zinazoitwa kwa jina la Wakikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hutambaa na kufumana kama mkeka, nazo hupandwa kwenye matuta ya mabwawa hadi Australia. Zinachohitaji ni kuachwa. Ng'ombe wakiruhusiwa kushuka majini kupitia ubavu wa tuta hukwangua njia, na mvua hufuata njia hiyo hiyo.

Bwawa linapobadilisha mikono, ujuzi wake hupotea. Mfano wa kuhuzunisha zaidi ni wa South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Bwawa hilo la udongo lilijengwa kwa ajili ya mfereji wa usafiri, kisha likauzwa kwa watu binafsi. Mmiliki mmoja aling'oa mabomba ya kupunguzia maji akayauza kama vyuma vikuukuu. Klabu ya matajiri iliyolinunua mwaka 1879 ilishusha mgongo wa tuta ili magari ya farasi yapite, ikaweka wavu kwenye mfereji wa maji ya ziada ili samaki wasitoroke. Mei 31, 1889, mvua kubwa ilinyesha, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakaangamia katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake.

Sheria haimwachi mwenye bwawa bila wajibu. Katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher iliyoamuliwa nchini Uingereza mwaka 1868, mwenye bwawa alitakiwa kumlipa jirani ambaye mgodi wake ulifurika, hata kama yeye mwenyewe hakuonyeshwa kuwa mzembe. Kenya ilirithi sheria ya kimila ya Uingereza kama ilivyokuwa Agosti 12, 1897, kwa hivyo msingi huo umo katika sheria zake pia. Fauka ya hayo, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliikabidhi Mamlaka ya Rasilimali za Maji kazi ya kutoa vibali. Hata hivyo, fidia hulipwa baada ya mazishi, na kibali cha karatasi hakizibi shimo la fuko.

Ukaguzi wa kawaida hauhitaji mtaalamu. Mwenye bwawa hutembea chini ya tuta kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na kila siku mvua inapokolea. Maji yanayovuja hukingwa kwa chupa ya kioo na kuachwa yatulie. Yakiacha tope chini, mhandisi aitwe siku hiyo hiyo. Vigingi vikipigwa kwa mstari ulionyooka juu ya mgongo, kigingi kitakachozama huonyesha mahali tuta linapodidimia.

Tope likionekana, wengi hukimbilia kuziba tundu kwa udongo. Hilo ni kosa, kwani maji hutafuta njia nyingine. Linalofaa ni kufunika mahali hapo kwa mchanga wa chembe kubwa, kisha kokoto, ili maji yatoke na udongo ubaki, huku maji ya bwawa yakipunguzwa kwa pampu au kwa bomba la saifoni. Kulikata tuta kwa jembe ili maji yapungue ni kulibomoa kwa mkono.

Mapema Mei 2024, wakati wa mafuriko, serikali iliwaamuru wakazi wa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame kwa muda wa saa 24. Mara nyingi muda huo haupatikani. Katika bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, Juni 5, 1976, maji ya tope yalionekana mwendo wa saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya saa sita adhuhuri tuta lenye urefu wa zaidi ya mita 90 lilikuwa limebomoka. Maelfu walikuwa wameonywa, na waliofariki ni 11. Usiku wa Solai, wengi walikuwa nyumbani mwao maji yalipofika.