Je, Wajua? Chunusi za uvimbe hazikamuliwi

Chunusi za uvimbe huota ndani ya ngozi. Kinyweleo huziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria huongezeka humo, kisha ukuta wake hupasuka ndani kwa ndani na kuacha uvimbe wenye usaha na maumivu. Kuzikamua husukuma usaha chini zaidi. Kwenye ngozi nyeusi hubaki madoa na makovu, pengine hata keloidi.

Uchafu si chanzo. Kijana wa Lipingo anayeoga Ziwa Nyasa kila siku huzipata sawa na wa mjini, kwani zinatokana na homoni za balehe na urithi. Kinachoepukika ni mkorogo: krimu za kung'arisha zenye steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, huzusha chunusi na kudhoofisha ngozi. Mafuta mazito usoni nayo huziba vinyweleo.

Tiba huanza na benzoili peroksaidi ya kupaka, pamoja na vidonge vya doksisaiklini kwa miezi 3 hivi. Zikikaidi, daktari huandika isotretinoini, kwa kawaida miezi 4 hadi 6. Dawa hii hulemaza vibaya mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke haitumii bila uzazi wa mpango wa uhakika.

Tangu 1992, kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu wanaohudumu katika hospitali za mikoani. Mwenye uvimbe unaouma aombe rufaa kwao mapema, kabla kovu halijajijenga.