Dawa za Ugenini: Tafuta Jina Dogo

Labda wewe unakaa sasa Kampala kwa biashara, au una mtoto anayesoma Brussels, au jamaa zako wamepelekwa kukaa Marekani kama wakimbizi. Siku moja kichwa kitauma, mwili utakuwa moto, nawe utaingia farmasi peke yako. Munganga wako hayuko, wala shangazi wa kukushauri. Mbele yako kuna ukuta mzima wa visanduku. Wengi wetu, hapo, tunachagua kwa rangi, au tunanunua kile alichonunua jirani. Hiyo si njia nzuri.

Ujue kwamba dawa ya dukani ina majina mawili. Jina kubwa ni la kampuni inayoiuza. Jina dogo ni la dawa yenyewe. Tutwae parasetamoli, dawa ya maumivu na homa inayojulikana pote. Katika Uganda na Kenya utaikuta katika kisanduku cha Panadol. Katika Ufaransa ni Doliprane, katika Ubelgiji ni Dafalgan, katika Marekani ni Tylenol. Nyumba nne, lakini mwenye nyumba ni mmoja. Tazama chini ya jina kubwa, kwa herufi ndogo, utaona: paracetamol au paracétamol. Hata Kiholanzi, ambacho utakiona kwenye visanduku vya Ubelgiji, kinaandika hivyo hivyo. Wamarekani wana neno lao: acetaminophen. Liandike neno hilo kwenye karatasi, uitie mfukoni kabla ya safari.

Karibu na jina dogo kuna hesabu. Hesabu hiyo ina nguvu kuliko jina. Huku kwetu kidonge cha parasetamoli kwa desturi ni mg 500, na watu wazima wamezoea kumeza viwili. Lakini Ulaya kuna vidonge vya mg 1000, ambavyo pengine vinaandikwa 1 g. Kidonge kimoja cha namna hiyo ni sawa na viwili vya kwetu.

Sasa fikiri juu ya mama aliyefika Brussels wakati wa baridi. Ana mafua na kichwa kinamgonga. Ananunua Dafalgan ya 1 g, anameza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, kama alivyozoea nyumbani. Hizo ni gramu 6. Tena rafiki aliyetoka Paris amempa Fervex, unga wa mafua wa kutia katika maji moto, naye anakunywa mara tatu. Hajui kwamba ndani ya kila pakiti ya unga ule mna parasetamoli mg 500. Katika mawazo yake anatumia dawa mbili. Lakini parasetamoli imo katika zote mbili, na mwili wake umepokea gramu 7 na nusu kwa siku moja. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi hapaswi kupita gramu 4 katika saa 24. Na mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe, kipimo chake ni kidogo zaidi, naye aulize kwanza.

Parasetamoli ikizidi inaharibu ini. Na ubaya wake ni kwamba inaficha kazi yake. Siku ya kwanza mtu anaona kichefuchefu kidogo, au haoni neno lolote. Siku ya pili au ya tatu ndipo tumbo linauma upande wa kuume chini ya mbavu, na macho yanageuka manjano. Iko dawa ya kuzuia sumu hii, inaitwa asetilisisteini, nayo inasaidia sana ikitolewa mapema, kabla ya saa 8 kupita. Kwa hiyo ukitambua kwamba umezidisha, usingoje kuumwa. Nenda hospitali saa ileile, tena uchukue visanduku vyote mkononi, hata vile vitupu.

Kwa watoto, uangalifu uwe mara mbili. Kipimo cha mtoto kinafuata uzito wake: mg 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 10 anapata mg 150. Lakini dawa za maji hazina nguvu moja. Katika chupa nyingi za Uganda, ml 5 zina mg 120. Katika Marekani, mg 160. Chupa ya Doliprane ya Ufaransa inakuja na bomba lenye alama za kilo za mtoto, nalo ni la chupa ile tu. Baba anayelitunza bomba hilo na kulitumia kwa chupa ya nchi nyingine anapima kwa kipimo cha uongo. Na aspirini usimpe mtoto mwenye homa bila neno la munganga.

Tena jihadhari na neno letu “kinini.” Huku tunaita hivyo karibu kila kidonge. Ukisema hivyo ng’ambo ya mpaka, muuzaji anaweza kusikia kwinini, dawa ya malaria. Taja jina dogo.

Liko jambo moja ambalo jina dogo haliwezi kukusaidia. Ukiwa Ulaya au Marekani, nawe umetoka Kongo majuma au miezi michache iliyopita, kisha homa inakushika, usijitibu kwa vidonge vya farmasi. Parasetamoli itashusha moto wa mwili, na malaria itaendelea na kazi yake. Nenda kwa munganga siku hiyohiyo. Kabla ya kusema juu ya kichwa au viungo, mwambie: “Nimetoka Kongo,” na umpe tarehe. Huko wangonjwa wa malaria ni wachache, naye hatafikiri juu yake upesi kama wa kwetu. Mwombe apime damu.