Krili: uduvi wa Antaktika anayebeba ghala mwilini

Mkulima huweka akiba ghalani. Krili, kiumbe wa baharini anayefanana na uduvi, huiweka mwilini mwake.

Krili wa Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, hufikia urefu wa sentimita 6. Kati ya Desemba na Februari kule ni majira ya joto. Jua huangaza karibu mchana na usiku, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi majini. Krili huila na kunenepa. Kabla ya baridi kuanza, mafuta yanaweza kuzidi asilimia 40 ya uzito wa mwili wake uliokaushwa.

Juni hadi Agosti giza hutanda na bahari huganda. Krili mkubwa hupunguza shughuli za mwili, hula wanyama wadogo akiwapata, na hutumia mafuta yake. Katika maabara, wengine wameishi zaidi ya siku 200 bila kula, huku wakisinyaa.

Mtoto wa krili hana akiba hiyo. Hutegemea mimea midogo inayoota chini ya barafu. Barafu ikipungua, yeye huumia kwanza. Na mwaka 2023 barafu hiyo ilipungua kuliko wakati wowote tangu vipimo vya satelaiti vianze.

Je, yanatuhusu? Ndiyo. Nyangumi wenye nundu wanaoonekana pwani ya Kenya na Tanzania kuanzia Julai huja kuzaa, na safarini hula kidogo sana. Mafuta yanayowafikisha huku waliyapata kwa krili.