Udongo Nao Unataka Chakula



Kila mwaka shamba linakupa mahindi. Je, wewe unalipa nini? Wakulima wengi hulipa mbolea ya chumvichumvi peke yake. Mavuno yakipungua, huongeza mifuko. Mwisho, mahindi yanauzwa ili kulipa deni la mbolea.

Mbolea hiyo si sumu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hicho ni chakula kinachoyapa mahindi nguvu na rangi ya kijani. Lakini yafaa ujue mambo mawili.

Kwanza, urea hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kwa gesi asilia. Gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliongeza bei ya mbolea duniani, mpaka vijijini kwetu.

Pili, urea haiongezi mboji katika udongo. Ukiitumia peke yake miaka mingi, udongo unaweza kuwa na asidi nyingi. Hapo mahindi hudumaa, hata ukiongeza mifuko.

Ufanye nini basi? Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni. Mahindi hayawezi kuichukua hewani. Mbaazi, kunde na maharage huipata kwa msaada wa vijidudu wanaoishi katika mizizi yake. Chimbua shina la kunde likianza kutoa maua. Utaona vifundo vidogo mizizini. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.

Panda mbaazi katikati ya mistari ya mahindi, kama wafanyavyo wakulima wengi wa Babati. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo hazisongi mahindi. Ukisha kuvuna mahindi, mbaazi hubaki shambani. Majani yake huanguka, huoza, huwa mbolea. Nawe unapata kitoweo.

Usichome mabua. Yarundike pamoja na samadi na majani mabichi. Yakioza, yarudishe shambani.

Usiache mbolea ya dukani kwa siku moja. Anza na robo eka. Mwombe bwana shamba akusaidie kupima udongo. Kisha chukua daftari, uandike: mbolea ya shilingi ngapi, mahindi madebe mangapi, mbaazi madebe mangapi. Andika hivyo pia kwa robo eka yenye mahindi matupu. Baada ya misimu mitatu, soma hesabu hizo pamoja na jirani zako.